Ukiona Msee wa Kuhesabu Magari Sirisia, Usipite Tu

Risto za nani ameachana na nani zitangoja hadi jioni, hazitaoza. Leo niko na ya barabara. Najua kidole chako kishaanza kuteremsha simu, lakini nipe dakika kumi, juu hii inagusa mfuko yako moja kwa moja.

Chora hii picha. Saa kumi na mbili asubuhi, steji ya Sirisia, baridi ya Mlima Elgon bado iko kwa mgongo. We uko juu ya nduthi, tanki karibu ikauke, unangoja mteja wa kwanza. Ng'ambo ya barabara kuna msee hujawahi muona. Amevaa reflekta, amekalia kiti ya plastiki, ako na fomu kwa mapaja na biki mkononi. Probox ikipita anachora kijiti. Lori ya mchanga, kijiti. Wamama watatu na ndizi kichwani wakipita, anacheki simu yake. Mbogi ya steji inamcheka, eti gava imeishiwa na kazi hadi inalipa watu wahesabu vumbi. Baada ya siku saba haonekani tena, na hakuna mtu alimuuliza hata jina.

Manze, huyo msee ako na sauti kwa barabara yenu kuliko waheshimiwa wengi mliowahi kupigia kura.

Kazi anafanya ni kipande cha kwanza cha kitu inaitwa upembuzi yakinifu. Inasikika kama swali ya insha ya KCSE, lakini maana yake ni rahisi. Kabla doh ya lami itoke, kuna wataalamu wanalipwa kujibu maswali. Magari mangapi yanapita? Yamebeba nini, yanatoka wapi, yanaenda wapi? Udongo uko aje? Maji ya mvua yatapita wapi? Nani atabomolewa? Na swali yenye imeua barabara nyingi za shags: hii pesa ikimwagwa hapa, itarudi? Majibu yanawekwa kwa ripoti, ripoti inazaa dizaini, dizaini inatafutiwa bajeti, halafu mwisho kabisa ndio unaona Prezo na makasi na ribboni. Sisi huamka siku ya ribboni, tunapiga selfi, tunashangaa kwa nini kona ya shule haina matuta na kwa nini mtaro unamwaga maji kwa shamba ya cucu wa mtu. Hiyo iliamuliwa kitambo, kwa mkutano yenye ulisikia imetangazwa ukaona afadhali ulale.

Sasa cheki ramani ya kwetu. Ukiwa Kitale na unataka kuingia Uganda, uko na njia tatu. Ya kaskazini inapita Endebess hadi Suam. Hiyo iliomoka: Benki ya Maendeleo ya Afrika, AfDB, iliidhinisha pesa yake 2017 kwa mpango mmoja na upande wa Uganda, kilomita 45 hivi kutoka Kitale hadi Suam, 73 kutoka Suam hadi Kapchorwa, na juu yake bypass ya Eldoret ya kilomita 32. Ya kusini ndio ile kubwa, unashuka Webuye, unapita Kanduyi, unapigana na matrela hadi Malaba. Ya katikati ndio yetu. Unatoka barabara ya Kitale–Webuye pale Kamukuywa, unapanda Kaptama na Kapsokwony, unateremka Sirisia, unaenda Lwakhakha, unavuka mto, uko Uganda.

Na ukivuka ndio unashangaa. Uganda ilitoa lami kutoka Bumbobi, hapo karibu na Mbale, ikaileta hadi Lwakhakha. Kilomita 44.5, mkopo wa AfDB ulioidhinishwa 2014. Yaani jirani ameleta lami hadi kwa mlango wetu, ni kama anapiga hodi. Upande huu, barabara ya Kamukuywa–Kaptama–Kapsokwony–Sirisia imekuwa wimbo wa wanasiasa tangu enzi za Uhuru Kenyatta, kazi ikisuasua. Umeshaenda matanga ngapi ukaskia mheshimiwa akisema barabara fulani "iko kwa dizaini"? Siku hizi hiyo ni kama amina, inafunga kila hotuba.

Kuna sehemu ya shida yenye ni pesa, nitaifikia. Lakini kuna sehemu inaanzia kwa ile fomu ya vijiti, na hiyo watu hawaiongelei.

Barabara mbovu haina magari. Hiyo haimaanishi watu hawataki kusafiri. Mvua ya Aprili ikishika, mwenye lori anakataa kupanda, broka anateremsha bei ya kitunguu juu anajua huna pa kwenda, na we unabeba gunia moja moja kwa nduthi hadi soko ya Chwele. Halafu hapo katikati ya hayo matope ndio msee wa reflekta anawekwa ahesabu magari. Anapata machache. Ripoti inasema trafiki ni ndogo. Trafiki ikiwa ndogo, lami haina maana. Ni kama uende hoteli imefungwa miaka mbili, uhesabu wateja kwa meza, halafu uandike kwamba watu wa hapa hawapendi chapo.

Nikupe hesabu ya kibanda uone venye inauma. Namba ni zangu za mfano, usinishike nazo. Tuseme kilomita 10 za lami zinakula Sh 500 milioni. Wakopeshaji wa barabara huku Afrika wamezoea kipimo cha 12%, kumaanisha barabara ikupe faida ya kama Sh 60 milioni kila mwaka ndio ionekane ina akili. Faida ni nini? Ni mafuta, taya, shokamzoba na masaa yenye kila gari inaokoa. Tuseme kila gari ikipita inaokoa Sh 100. Msee wa fomu alihesabu magari 300 kwa siku. 300 mara 100 mara siku 365, unapata Sh 10.95 milioni. Imeanguka mtihani. Lakini kama lami ingekuja na magari yafike 1,700 kwa siku, hiyo ni Sh 62 milioni. Imepita. Ni barabara ile ile, watu ni wale wale. Tofauti ni makadirio ya kesho, yenye mtu alijaza akiwa kwa ofisi.

Wenye kazi wanajua hii, siwasingizii. Ile programu ya HDM-4 inayotumika dunia mzima kupima faida za barabara iko na mahali pa kuweka trafiki itakayozaliwa na lami yenyewe. Lakini namba ya kuweka hapo lazima itoke mahali. Kama hakuna mtu wa Sirisia, Namwela, Lwandanyi au Malakisi aliwaambia kwamba kuna watu wanaoza na nyanya juu ya lori kukataa kupanda, wataweka namba ndogo ya woga na watakuwa wamefanya kazi yao sawa kabisa.

Kuna namba zingine zinapotea mpakani. Lwakhakha si Malaba. Malaba unaona foleni ya trela, kila kontena ina karatasi. Lwakhakha biashara mingi ni ya kichwa, baiskeli na nduthi: maharagwe, mahindi, ndizi, nguo, mabati, na zile vitu zingine hatutataja hapa juu karao pia husoma hii saiti. Mingi inapita njia za panya, haingoji jua wala forodha. Hesabu ya magari kwa kawaida ni ya mchana, masaa kumi na mbili, na labda usiku moja ama mbili. Sasa wenye hutoka saa tisa usiku watahesabiwa na nani?

Uganda kwa hii imetuzidi, tukubali tu. Ofisi yao ya takwimu, UBOS, pamoja na Benki Kuu yao, wamekuwa miaka na miaka wakiweka watu mpakani kuhesabu biashara isiyo na karatasi, na Lwakhakha ni moja ya hizo vituo. Mama akipita na karai, ameandikwa. Kwa hivyo namba za kuonyesha kwamba huu mpaka uko hai zipo. Ziko Kampala. Msee wa kuandika ripoti ya upande wetu akiambiwa aziangalie ataziangalia, lakini lazima kuwe na mtu wa kumwambia.

Usifikiri kuhesabu kidogo kunaumiza tu kabla ya lami. Kunaumiza hata lami ikikuja. Unene wa barabara unapangwa na mizigo ya malori. Nduthi elfu moja haziikwaruzi lami. Ekseli ya lori ni risto ingine: mainjinia wana kanuni yao kwamba ukiweka mzigo mara mbili kwa ekseli moja, uharibifu hauendi mara mbili, unaenda karibu mara kumi na sita. Sasa leta trekta ya miwa imejazwa hadi inanesa, leta lori ya mchanga ya usiku yenye haijawahi ona mizani, na hesabu ilifanywa siku malori yamepaki juu ya mvua. Utapata lami nyembamba kama chapo ya hoteli ya kituo, na mwaka wa pili mashimo yamerudi. Halafu tunasema kontrakta amekula. Pengine amekula kweli. Pengine pia alijenga vile tu karatasi ilimwambia.

Nirudi kwa wewe mwenye kibanda. We uko na kinyozi, duka ya M-Pesa, ama base ya kuosha nduthi hapo kando ya barabara. Siku moja wanakuja watu na tepu, wanapima, wanauliza jina, wanapiga picha mlango yako. Mazoea yetu ni gani? Tukiona mtu na karatasi tunajua ni kanjo, tunafunga tunapotea. Kumbe hao walikuwa wanaandika watu watakaoguswa na barabara. Kuna kitu inaitwa tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa. Ukiwa kwa orodha hiyo siku, uko kwa mazungumzo ya fidia. Ukijenga baada ya hapo, ama ulikuwa umejificha nyuma ya duka, jina yako haiko.

Na hapa chunga kitu moja muhimu sana: doh ya barabara inatoka kwa nani. Ikiwa ni ya Benki ya Dunia au AfDB, sheria zao zinataka hata mtu asiye na hati ya shamba alipwe kwa kile alichojenga na asaidiwe kuhama. Ikiwa ni pesa ya gava yetu peke yake, mwenye hati anaenda kwa Tume ya Ardhi, NLC, na Katiba kifungu cha 40 inamlinda, ingawa malipo yanaweza chukua mda hadi unazeeka. Lakini mwenye kibanda kwa hifadhi ya barabara mara nyingi anachorewa ile X nyekundu na kupewa notisi, basi. Kwa hivyo swali ya kwanza kwa baraza ya chifu isikuwe "lami inakuja lini". Uliza nani analipa.

Swali ya pili ni nani aliandika ripoti. Hii tulijifunza kwa SGR, na ada ilikuwa kali. Ile reli ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu zaidi ya Sh 300 bilioni, mingi ikiwa mkopo wa China. Upembuzi wake ulifanywa bure na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, chini ya makubaliano ya 2009. Halafu tenda ya kujenga ikaenda kwa nani? Kwa hao hao. Wabunge wakauliza, kesi ikafunguliwa, ikazunguka korti miaka mingi. Benki ya Dunia ilikuwa imeandika 2013 kwamba kukarabati reli ya zamani kungetosha kwa bei ndogo zaidi. Sisemi kila kampuni yenye inajipimia kazi inadanganya. Lakini ukimwambia fundi wa suti akuambie kama unahitaji suti, jibu unalijua kabla afungue mdomo.

Leo kuna sheria ya 2021 ya ushirikiano wa gava na kampuni binafsi, yenye inaruhusu kampuni kuleta wazo lake lenyewe mezani. Ndio njia barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilipitia, ikazinduliwa mwishoni mwa 2025, CRBC na NSSF upande moja, Shandong Hi-Speed upande ingine, na magari yatalipia kupita. Hiyo itatusaidia sisi wa huku tukienda Nairobi, siwezi kataa. Lakini fikiria nani atajitolea kupima Sirisia kwa pesa yake. Huwezi weka kizuizi cha kulipisha hapo Namwela upate riba. Barabara yenye haina mteja wa kulipa haina kampuni ya kuipigia debe kwa ofisi kubwa. Ina wewe tu.

Na usifikiri unaomba msaada. Unalipa tayari. Kila lita ya petroli unaweka iko na Sh 25 ya kutengeneza barabara. Ilikuwa Sh 18 hadi Julai 2024. Nduthi yako ikikunywa lita tatu kwa siku, siku 300 kwa mwaka, umetoa Sh 22,500. Kwa hizo Sh 25, Sh 7 ziliwekwa rehani 2025 ndio gava ilipe deni ya makontrakta ya Sh 175 bilioni, ile deni ilifanya mitambo ikae kwa nyasi nchi mzima. Huko nyuma magavana na wabunge wamekuwa wakivutana kortini kuhusu nani ashike Sh 10.5 bilioni ya huo huo mfuko. Kila mtu anapigania mafuta yako. Kwa hivyo ukiskia upembuzi umeisha, usipige sherehe. Ripoti bila bajeti ni karatasi ya kufungia omena. Lakini barabara bila ripoti haifiki hata kwa foleni ya bajeti, juu tangu kanuni za 2022 za uwekezaji wa umma, projekti inatakiwa ipimwe kwanza ndio ipangiwe pesa.

Sasa unafanya nini? Mimi siamini sana mikutano ya maoni ya wananchi. Nimeketi kwa kadhaa, soda inaisha kabla ya maswali. Lakini enda tu, na uende na kitu kwa mkono. Chama ya nduthi ya steji moja inaweza kujihesabu yenyewe wiki moja: safari ngapi, mizigo gani, saa ngapi, na siku ngapi za mvua njia ilifungwa. Wamama wa soko wanajua ni magunia mangapi yalioza Aprili. Daftari ya shilingi hamsini. Mtaalamu akipewa hiyo anaweza kuikataa, lakini lazima aandike kwa nini.

Na kuna sheria yenye watu wachache sana wa rika yetu wametumia. Ni ya 2016, ya haki ya kupata habari, na inasimama juu ya kifungu cha 35 cha Katiba. Unaandika barua kwa ofisi ya umma, kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivyo, na wako na siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile watu huita Ombudsman. Huhitaji wakili. Jua tu ofisi ya kuandikia: barabara za daraja A na B ni za KeNHA, za C ni KeRRA, zile ndogo za vijijini ni za county hapo Bungoma.

Barua yenyewe haizidi mistari mitano. Nakili hii, weka jina na namba yako, weka barabara yenu:

"Mimi ni mkaazi wa eneo bunge la Sirisia. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala ya ripoti ya upembuzi yakinifu ya barabara iliyotajwa hapo juu, pamoja na hesabu za magari, tarehe na mahali zilipofanyiwa. Naomba pia kujua nani aliiandika, nani aliilipia, na kama watembea kwa miguu, baiskeli na pikipiki walihesabiwa. Naomba orodha ya mikutano ya wananchi iliyofanyika na siku zake. Nitashukuru nikijibiwa kwa Kiswahili."

Piga picha ya barua kabla uitume, na kwa ofisi uitishe muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zinaanza hapo.